Kanifunga mmoja tu

Wiki hii binti wa wifi kaolewa, mwanangu wa kati kahamishiwa Dodoma, na mimi nimetolewa mtoto wa jicho, sasa naona mpaka vumbi nililokuwa sijui kama lipo, alhamdulillah, ila hayo yote yatasubiri maana kichwani kuna jambo moja tu linazunguka tangu Jumamosi na kulala silali.

Ni yule mzee wa Pongwe. Nimekaa zangu pale harusini, sahani ya pilau mapajani, naona mtu ananijia polepole na mkongojo wake, kumbe ni yeye, mwenzake marehemu mume wangu, Baba Zuhura, wa barazani Ngamiani, hapa Tanga, enzi hizo. Nikamwamkia shikamoo shemeji, akaitikia, tukapeana pole za siku nyingi. Halafu akanitazama weee, akasema, "Kumbe ndio wewe uliyekuwa unamfunga."

Nikamwambia, "Kumfunga nani tena shemeji?"

"Mgosi, mumeo! Kwenye bao la kete. Sisi pale alikuwa anatufunga wote, tukinuna anatucheka, anasema msinune jamani, hata mimi nimefungwa. Kanifunga mmoja tu, na yuko nyumbani kwangu."

Nikacheka. Jibu langu ndio hilo, kicheko, tena mdomo umejaa pilau. Kabla sijameza vigelegele vikaanza, bibi harusi anatolewa, watu wa video wakamsogeza mzee wa watu pembeni, nilipokuja kumtafuta naambiwa wajukuu zake wameshampakia bajaji, makelele yanampandisha presha.

Sasa nyinyi wasomaji wa zamani mnajua. Mimi sijapata kumfunga bao Baba Zuhura. Nilikuwa nacheza naye, ndio, tena kwa kushurutishwa, ananifundisha huku anacheka, nikifika mwisho wa kunamua, kule kuingiza kete za mkononi moja moja, naona nimepigana vya kutosha, yeye ndio kwanza ananiambia sasa tunaingia mtaji, kucheza na zilizoko ubaoni. Nikikosa cha kula ananiambia "takata tu mama Zuhura, takata," yaani sambaza bila kula, mpaka hilo neno nikalichukia. Kwa hiyo hiyo kanifunga mmoja imetoka wapi?

Nimempigia wifi. Wifi kasema kaka yake alikuwa anawapoza tu wale wazee, ndio maneno ya wanaume barazani, kila mmoja mkewe anamshinda. Nimempigia Zuhura, kasema, "Mama, si umesifiwa, tatizo liko wapi?" Tatizo, mwanangu, ni kwamba baba yako hakuwa mtu wa kusifia.

Redio yake nimeshaiandika sana humu kwa hiyo sirudii yote. Baba Zuhura kazaliwa 1957, mwaka ule ule Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza, na kila mgeni aliyekanyaga kwetu aliambiwa hiyo habari kabla hajapewa maji. Waya wa antena umetoka dirishani mpaka mwembe wa jirani. Usiku yuko na daftari lake, anatega masafa mafupi, mita 31, mita 49, anapima kituo kwa tarakimu tano: nguvu ya mawimbi, muingiliano wa vituo vingine, makelele, kupanda na kushuka kwa sauti, halafu ya mwisho ya jumla. Tano tupu zote maana yake safi kabisa, hakuna kasoro. Sikumbuki kumuona anazitoa. Mimi nasikia mtangazaji anasema vizuri tu, yeye kaandika 34333, namwambia mbona unamnyima, ananiambia nikidanganya ripoti ina faida gani kwao. Ripoti anaitia kwenye bahasha, inakwenda Köln kwa redio ya Wajerumani, inakwenda Tokyo, inakwenda Uholanzi, miezi inapita, kadi yao ya kuthibitisha inarudi. Wale Waholanzi aliwapenda kuliko wote kwa sababu mtambo wao mmoja ulikuwa Madagascar, sauti ya Ulaya inatufikia kutoka kisiwa cha jirani, hilo lilimfurahisha mtu huyo nyie acheni tu. Walipoifunga ile huduma 2012 alikula chakula cha usiku kimya. Na kwa Wajerumani akaokota Kijerumani cha redioni, akikutana na mzungu kule Mapango ya Amboni lazima ampe Guten Tag, awe Mtaliano awe Mreno.

Machungwa hivyo hivyo. Karani wa bandari, mikono haijui jembe, siku moja karudi kutoka Muheza na wembe, mkanda wa nailoni na maneno mapya, anataka kubebesha. Unachukua jicho la Valencia unalichomeka kwenye shina la mlimau kwa mkato wa T, unafunga, unasubiri, ukifungua jicho likiwa bado kijani limeshika. Mengi hayakushika. Jirani akija kuona anamsifia, yeye anamuonyesha yaliyokufa kwanza.

Na Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, ndio usiseme. Mwaka 1988 walipochukua ubingwa nilikuwa na mimba ya Zuhura na nusura mtoto aitwe Mkwakwani, jina la uwanja wao. Ile fainali ya kombe 2022 pale Arusha, tatu kwa tatu na Yanga halafu tukafungwa kwa matuta, tivii iko wazi mbele yake ila kaizima sauti, anasikiliza redioni, anasema picha inakudanganya. Walipofungwa watoto wanalaumu refa, mwenyewe anasema, "Matuta tumepiga vibaya." Basi, kaenda kuswali.

Ndio mtu huyo. Sasa mtu huyo ametoka akakaa barazani akasema kuna aliyenifunga. Angesema uongo ili iweje?

Juzi usiku nikapata jibu lililoniudhi, nikaketi kitandani. Nikasema ni mama mkwe! Marehemu mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Pangani, bao kalijulia utotoni kwa kuwachungulia wajomba zake, na alikaa na sisi mpaka 1999 Mungu alipomchukua. Yuko nyumbani kwangu, ndio, si alikuwa nyumbani kwake? Mzee wa Pongwe kasikia nyumbani akamalizia mwenyewe kwamba ni mke. Mnaweza kucheka lakini nilimuonea wivu mama wa watu aliyeko kaburini, tena mama aliyenilea vizuri, nikalala na hasira zangu.

Alfajiri nafua, likanijia lenyewe.

Mwaka 2006, ule wa ukame, mabwawa yamekauka, umeme wa mgao. Mtaa mzima unalia joto, mume wangu anafurahi! Maana umeme ukikatika hakuna friji inayonguruma wala taa za tyubu, redio inakuwa safi, vituo vinaingia mpaka vile vya mbali. Basi tukawa tunakaa sebuleni na chemli, redio ya betri pembeni chini chini, ubao katikati. Usiku mmoja nikaanzia kimbi, shimo la pembeni, nikasambaza, kete ya mwisho ikaanguka mkabala na nyumba yake, lile shimo kuu la kulimbikizia kete, na nyumba ilikuwa imeshiba, sijui alizubaa vipi. Nikaila. Komwe, ndio kete zetu, zimenijaa viganja viwili, nikazipanda kuanzia kichwani, shimo la mwisho wa safu ya mbele, nikala tena, nikazunguka, nikala tena. Nikamuangalia. Kashika kidevu. Hakuniambia takata.

Zamu yake ikawa ndefu, anatazama tu. Ghafla umeme ukarudi, mtaa mzima "heeeee!" mnaujua ule ukelele, redio ikaanza vuuuu, akaruka kuchomoa friji asipoteze kituo chake, na kitindamimba naye kaamshwa na makelele analia, nikaenda kumbembeleza, nikapitiwa na usingizi hapo hapo. Asubuhi ubao uko kwenye msumari wake, komwe ziko kwenye kifuko. Hakusema kitu, sikuuliza kitu, nikaenda sokoni.

Sasa niambieni. Mtu aliyemnyima Mjerumani maksi mbili kwa ajili ya makelele kidogo, mtu wa kukuonyesha majicho yaliyokufa kabla ya mche uliopona, anaweza kuzoa komwe kwenye ubao bila kuzihesabu? Haiwezekani. Alirudi akakaa pale peke yake, friji imezimwa, akaucheza ule mchezo upande wake na upande wangu mpaka mwisho, mimi nimelala chumba cha pili. Namuona kabisa. Akaona kafungwa. Ndio akakunja kila kitu akaenda kulala.

Nilifurahi kama nusu saa hivi. Niliimba kabisa pale kwenye karo, mjukuu akatoka kuangalia kuna nini.

Halafu zikanipanda. Maana huyu mtu ripoti kapeleka Köln, kapeleka Tokyo, kila redio ya dunia hii ilijulishwa inasikikaje Tanga, na ya kwangu kaipeleka barazani Ngamiani! Wazee wote wale walijua. Muuza kahawa bila shaka alijua. Mimi nimekaa na mtu huyo miaka yote iliyofuata, naambiwa takata tu mama Zuhura, mpaka nikauacha mchezo, nikaona bao si la kwangu. Ingekugharimu nini, Baba Zuhura, kuniamsha asubuhi ile ukaniambia umenifunga? Nilitaka kwenda Pongwe leo leo nimuulize mzee, alianza kuyasema hayo mwaka gani, kabla ya 2006 au baada, maana kama ni kabla basi ni mama mkwe na mimi nakaa kimya. Nimevaa mpaka baibui. Nikaivua. Na yeye mzee mwenyewe sidhani miaka anaishika tena, anaweza kunijibu lolote la kunifurahisha.

Ubao upo, nimeuteremsha, shimo moja limepata ufa. Komwe hazitimii 64, watoto wa Zuhura wamezifanyia gololi.

Na nilipokuwa juu ya stuli nauteremsha ndio nikaona kitu kingine, ukutani kuna njia ya udongo ya mchwa imepanda mpaka darini, na kwa jicho langu hili jipya naona kenchi ya chumba cha mbele imeliwa, ukiigonga inatoa unga. Ile mbao ilipakwa oili chafu ikasemekana imetosha. Fundi kaja kuchungulia, kasema si moja, labda tatu, na mabati ya upande ule lazima yashuke, na vuli ndio hii mlangoni, na kitindamimba kaninyang'anya pesa ya ada juzi tu. Nani anajua dawa ya mchwa inayofanya kazi kweli, sio ile ya kunyunyiza wakahamia chumba cha pili?