Bogenvilia ya Ukutani

Asubuhi ya leo, nilipofungua geti, niliikuta bogenvilia iliyo kando ya ukuta imejaa rangi ya zambarau hadi juu, nami nikasimama kuitazama kwa muda usiomfaa mtu anayewahi kazini. Niliichomeka hapa mtaani Kisasa, Dodoma, miaka mitatu iliyopita, ikiwa kipande cha tawi chenye urefu wa shubiri, na hadi mwaka jana haikuwa imenipa chochote ila majani na miiba.

Kosa lilikuwa langu. Nimekulia Tanga, kwenye mvua za kutosha, hivyo nilipohamia Dodoma nilikihurumia kila kilichoota katika udongo huu mkavu. Niliimwagilia kila jioni, hata wiki za mgao, na kila mwezi niliitilia samadi. Mmea huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ukishashika mizizi huvumilia ukame, na kiu ya kiasi ndiyo huuchochea kuchanua. Ukishibishwa maji na mbolea, huendelea tu kurefusha matawi.

Mwezi wa Juni pampu ikaharibika, na fundi akaniahidi "kesho" kwa wiki sita. Mvua za huku hukoma Aprili au Mei na kwa kawaida hazirudi hadi Desemba, kwa hiyo maji ya ndoo yakawa ya jikoni tu. Majani yakapukutika. Nilikuwa nimeshashika jembe niing'oe, jirani yangu, mzee wa Kigogo mwenye shamba la zabibu, aliponizuia.

"Mwanangu, kwangua gome kwa ukucha kwanza."

Chini ya gome palikuwa kijani. Akachukua mkasi wake na kuyapogoa matawi marefu bila huruma, kama afanyavyo kwa mizabibu, akinieleza kwamba maua hutoka kwenye machipukizi mapya.

Leo nimeyachunguza maua hayo kwa karibu. Zambarau yenyewe si petali, bali ni majani matatu membamba kama karatasi, na katikati yake vimejificha vijiua vyeupe, vidogo kiasi kwamba nilikuwa sijawahi kuviona.

Pampu ilishatengenezwa. Mpira wa maji nimeuelekeza kwenye mchicha. Bogenvilia inapata ndoo moja kila baada ya wiki mbili.