Siku moja na saa iliyopanda kutoka Mombasa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya chai nasimama mbele ya saa yangu ya ukutani, simu mkononi. Simu huchukua majira kwenye mtandao, nami huitumia kama shahidi. Tangu jana saa imekwenda mbele sekunde mbili. Kipimajoto kinasoma nyuzi 14. Naandika yote mawili daftarini na siigusi nati, ile ya kupandishia na kushushia uzito wa pendulumu, yaani fimbo na uzito unaobembea. Hii ni baridi ya Julai tu: fimbo ya pendulumu ni ya chuma cha pua, baridi huifupisha, na kila nyuzi moja inayoshuka huiongezea saa kama nusu sekunde kwa siku. Jua likirudi Septemba, itazirudisha.

Saa tatu. South B, kwa mzee mmoja aliyehamia kutoka Mombasa mwezi wa tano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi, karibu. Mgonjwa mwenyewe yule pale."

Ni saa ndefu ya kusimama, aliyoachiwa na babake. Anasema kule haikuwa ikikosea, lakini hapa kila wiki inabaki nyuma dakika mbili na kitu. Fundi mwingine alishamwambia magurudumu yamelika na yote yabadilishwe. Nafungua kijimlango, nasikiliza. Tik na tak zinaachana sawasawa. Namulika meno kwa tochi: mazima. Pima-maji inaonyesha imesimama wima. Saa hii haiumwi, imepanda mlima tu.

Namweleza mzee hivi. Pendulumu huangushwa na mvutano wa dunia, na ukipanda juu mvutano hupungua kidogo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo uzito ule unabembea polepole kuliko pwani. Kwa hesabu yangu ya kalamu, mlima unaipotezea sekunde 24 hivi kwa siku. Baridi yetu inairudishia kama nne. Zinabaki 20, na mara siku saba ni dakika mbili na sekunde 20, karibu kabisa na anavyolalamika. Mzee akacheka kwa furaha, akamwita mkewe aje asikie. Nikawaambia hata Mfaransa Jean Richer aliyapata hayo mwaka 1672: alitoka Paris na saa yake hadi Cayenne, karibu na ikweta, ambako mvutano pia ni mdogo kidogo, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi afupishe pendulumu.

Dawa ndiyo hiyohiyo. Pendulumu ya sekunde kama hii, yaani kila mbembeo sekunde moja, ina urefu wa sentimita 99 hivi, na kuupandisha uzito milimita moja huiharakisha saa sekunde 43 kwa siku. Ninahitaji chini kidogo ya nusu milimita. Naisimamisha, natia alama ya penseli kwenye nati, naishika fimbo kwa mkono wa kushoto ili ile springi nyembamba ya juu isipindike (hapo ndipo wengi huharibu), kisha nazungusha karibu nusu zungusho. Basi. Nimemwomba mzee asiiguse hadi Jumanne. Anayezungusha nati kila asubuhi hufukuzana na joto la jana.

Saa nane mchana. Kanisani, saa ya fimbo ya mbao. Mbao haijali sana joto, ila msimu wa mvua hunywa unyevu. Napaka vanishi upya, narudi zangu.

Saa kumi, karakana. Kijana wangu anauliza kama kila marekebisho lazima yapitie kwenye nati. Namwonyesha pete ndogo ya risasi: ukiiweka juu ya uzito, kitovu cha uzito kinapanda kidogo na saa inaharakisha, bila kuisimamisha. Big Ben ya London hurekebishwa kwa senti za zamani, na senti moja hubadilisha mwendo kwa sekunde 0.4 kwa siku. Pendulumu ile ina urefu unaopita mita nne! Kijana akaniomba aiweke pete mwenyewe. Nikamwachia, mikono yangu mfukoni, ingawa ilikuwa inawasha.

Saa moja usiku. Mzee amepiga simu: tangu asubuhi saa haijaachana na redio.