Kiatu cha Fimbo

Jana binti yangu katoka uvunguni na fimbo ya bibi yake, imejaa vumbi na utando wa buibui. Akaigeuza chini juu, akaikagua kama mtu anayekagua kwato za mbuzi sokoni.

"Baba, mbona fimbo ina kiatu?"

Ina kiatu kweli. Soli ya tairi iliyokatwa mviringo, pembeni imezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikashonwa kwa uzi mweusi wa nailoni.

Ilikuwa Desemba 2016. Sisi Wachaga na Desemba mnatujua, hata asiye na nauli anaipata. Nilipofika Old Moshi nikaikuta fremu ya miguu minne, ile Mama aliyoruhusiwa nayo hospitali baada ya kuvunjika nyonga ya kushoto, iko barazani imeanikwa mataulo, jogoo kasimama juu yake. Mwenyewe yuko migombani na fimbo.

"Hiyo ni ya sakafu," akaniambia. "Mimi sina sakafu, nina mteremko."

Usiku tukabishana. Nilimwambia, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kuvunjika hata ukucha, kwamba fimbo kaishika upande siyo. Mguu mbovu wa kushoto, fimbo mkono wa kulia! Akasema ndivyo alivyofundishwa na yule kijana wa mazoezi: fimbo inakaa upande mzima, inatangulia pamoja na mguu mbovu, inaupokea uzito. Mimi nikajua hakumwelewa kijana wa watu.

Asubuhi anataka kwenda Kiborloni, sokoni. Nikasema niite bodaboda. "Iniongezee na upande wa pili?" Akavaa begi la shule la mjukuu mgongoni, lile la katuni, ili mikono ibaki huru, ndani kaweka maparachichi ya kumpelekea rafiki yake. Nikamfuata. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tope la kwetu mnalijua.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, pale maji yanapokatiza njia na watu wamepanga mawe ya kuvukia. Akasimama. Akalijaribu jiwe la kwanza kwa fimbo, mara mbili, akaegemea kidogo kuona kama linacheza. Halafu fimbo na mguu wa kushoto vikaenda pamoja, taratibu, na mguu wa kulia ukiwa bado nyuma nikaona kisigino chake kinatikisika. Labda kilikuwa kinatikisika hivyo kila siku, mimi sikuwepo kukiona. Nikaruka, nikamdaka mkono. Mkono wa kulia, ule wa fimbo, nikauvuta juu.

Fimbo ikabaki inaning'inia hewani, na uzito wote ukashukia nyonga ileile.

Hakuanguka kama watu wanavyoanguka. Alikaa. Alishuka polepole kama anayetafuta kigoda gizani, akakaa kwenye tope na begi lake mgongoni, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Maji ya mfongo yakaendelea kupita. Nilikuwa nasubiri kilio. Nikaangalia raba zake, nikaona vidole vya mguu wa kushoto vinacheza ndani, kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Ndipo nikapumua.

"Umeninyang'anya mguu," akasema.

Nikainama kumwinua kwapani. Akanizuia. "Njoo huku kushoto. Usinishike. Nikushike mimi."

Akanishika bega, akasimama. Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza fimbo na kuangalia raba ya chini. Imelika, laini kama kipande cha mwisho cha sabuni. "Na hii nayo imechoka," akasema. Mpaka leo sijui kama raba ilikuwa na kosa lolote pale, au alikuwa ananipunguzia mzigo.

Nikasema turudi nyumbani. Hata hakunijibu. Tukaingia Kiborloni yeye na tope lake mgongoni, anaamkiwa na kuitikia kama amevaa kitenge kipya. Moja kwa moja kwa fundi viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu anataka kiatu." Akamkabidhi fimbo.

Fundi akaipima kwa jicho, bila kucheka. "Anavaa namba ngapi?"

Mama alicheka mpaka akashika meza ya watu. Nikatoa hela, akaniambia niziweke, nimnunulie ndizi mshare za mtori kama nina haraka ya kutumia. Alilipa mwenyewe. Parachichi moja tu ndilo lililopondeka.

Basi nikamsimulia binti yangu yote haya, nikiruka ruka pale kwenye mkono. Alisikiliza vizuri sana, fimbo mapajani, kidole kinapapasa uzi wa nailoni. Nikamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa. Sasa cha pili kiko wapi?"