Kazimoto Matangani kwa Babu

Mada nilipewa kabla ya likizo ndefu: uhai na kifo katika riwaya za Euphrase Kezilahabi. Nilikuwa mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma Kiswahili, na mhadhiri wetu hakuwa na mchezo. Tukirudi tu, kila mtu awe na kurasa zake mkononi. Mimi nikaona kazi ni nyepesi. Mwandishi mwenyewe ni wa nyumbani, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, na mimi naelekea hukohuko. Nikapanda MV Clarias pale Mwanza na begi lenye Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, pamoja na daftari lililojaa maneno ya darasani: udhanaishi, yaani falsafa ya mtu kujitafutia mwenyewe maana ya maisha, ukengeushi, yaani kuwa mgeni kati ya watu wako, utupu wa maisha. Majina ya Sartre na Camus, wanafikra wa Kifaransa wa mambo hayo, nilikuwa nayatamka kama majina ya wajomba zangu.

Babu akafariki likizo ikiwa katikati. Alikuwa amekula chumvi nyingi, hakuugua sana, na hakuna aliyetafuta mchawi. Tukamzika kesho yake mchana. Ninachotaka kusimulia ni usiku uliofuata.

Kwetu matanga yana moto. Wanawake wanalala ndani kwenye mikeka, wanaume wanabaki uani na magogo yanayowaka mpaka alfajiri. Katekista aliongoza rozari, akamalizia na litania ya Bikira Maria, ileile ambayo Kezilahabi alichukua humo jina la Rosa wake. Haishangazi, maana kabla ya chuo kikuu alipita seminari ya Nyegezi. Baada ya sala majirani wengi wakaaga. Wakabaki ndugu, wazee, wacheza karata, na wale wasiokosa msiba wowote kwa sababu ya kahawa.

Halafu babu akatoka nje. Ni binamu yangu, lakini nasema babu kwa sababu kwa dakika nzima hata mimi niliamini. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu la mtumba, lenye vifungo vitatu visivyofanana na kiwiko kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Fimbo ya babu mkononi, kofia ya babu imeshushwa hadi kwenye nyusi, na kikohozi chake chenye mikupuo miwili na kuguna mwishoni. Akaanza kuzunguka moto akidai madeni. Mmoja akaambiwa arudishe jembe, mwingine akakumbushwa mbuzi wa mahari ambaye hajafika mpaka leo. Ndani wakakisikia kikohozi; kilio kikaanza, kikageuka kicheko, kikarudi kilio. Kisha akatia mkono mfukoni, akakutana na ugoro wa marehemu, akaunusa ili kukamilisha igizo, na kupiga chafya mpaka kofia ikaanguka motoni. Mzee mmoja alicheka hadi akashikwa mgongo.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na karabai, Kichwamaji mapajani. Sikuwa nasoma, nilikishika tu ili mikono iwe na kazi. Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akaniona.

"Mwanangu, unasoma nini msibani?"

Nikamwambia. Akauliza kinahusu nini. Nikasema uhai na kifo. Wazee wakageuka wote, wacheza karata nao wakashusha mkono.

"Basi tusimulie," akasema. "Hapa ndipo penyewe."

Nikasimulia, Kiswahili kikiingia kwenye Kikerewe na kutoka. Kuhusu Kazimoto, kijana wa visiwani aliyesoma hadi chuo kikuu. Kuhusu Manase, aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia akafa, mama naye akamfuata. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kwa kumharibia Manase dada yake, Sabina, lakini anaishia kumwoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na wa Kazimoto naye anakuja na msiba wake. Mwisho Kazimoto anajiua, anaacha barua.

Nilitegemea waulize kwa nini. Darasani hilo ndilo swali tulilokuwa tunalizunguka muhula mzima, kila mtu na nadharia yake. Jirani wa babu, mvuvi wa zamani, akachokoa moto kwanza.

"Alizikwa na nani?"

Nikamwambia kitabu kinashughulika zaidi na ile barua.

"Barua kamwandikia nani wakati mke yupo chumba cha pili? Na huyo Sabina sasa anakaa na nani? Nani analala naye usiku wa kwanza?"

Mwingine akadakia kwamba wao waliwahi kuzika mtu wa namna hiyo, zamani, jioni ileile, bila moto wala matanga. "Tulikosea," akasema. "Mkewe alikaa peke yake na watoto, giza tupu, na sisi sote tunamwona. Tuliogopa mkosi. Mkosi ulikuwa ni kule kumwacha."

Hakuna aliyemjibu. Mtu akaongeza gogo.

Mama mkubwa alikuwa ametoka na birika, akasimama akisikiliza kwa nyuma. Akauliza kama yule ndiye mwandishi wa Rosa Mistika. Nikasema ndiye. Akacheka. Kitabu kile kilitoka mwaka 1971 na shuleni kikapigwa marufuku, na marufuku, kama kawaida yake, ilikifanyia matangazo mazuri kuliko duka lolote. Wao walikisoma bwenini chini ya blanketi, kwa tochi, kwa zamu. Nikaanza kumweleza kwamba Rosa alijiua baada ya mchumba wake, Charles, kumkataa kwa kuwa hakuwa bikira. Akanikatisha.

"Charles alikuja kumalizia tu. Baba yake, Zakaria, alikwishaanza siku ile alipompiga mtoto kwa ajili ya barua. Msichana aliyefundishwa kumwogopa baba hana wa kumpelekea aibu yake. Anabaki nayo." Akamimina kahawa, akazunguka na vikombe, akarudi ndani. Nimesoma makala nyingi kuhusu riwaya ile tangu wakati huo, na bado namweka mama mkubwa juu ya nusu yake.

Usiku ule nikaanza kuziona riwaya zile kwa jinsi nyingine. Kezilahabi aliyajua matanga. Mtoto wa Namagondo angekosaje kuyajua? Ninavyoamini, aliwatoa watu wake kwenye duara hili kwa makusudi kabla hajawaua. Rosa anakufa wakati hana wa kumwambia neno. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo amerithi mali, akaitapanya, akachuma nyingine, na siasa ya Azimio la Arusha ilipoifikia akaua kiongozi na kunyongwa na serikali. Marafiki wa bia hawafiki kwenye kitanzi. Kazimoto elimu imemfundisha kuwatazama wazazi wake kutoka mbali, na mtu akishazoea kutazama watu wake kutoka mbali atamlilia nani? Wanaosema mwandishi huyu alikata tamaa na maisha wanahesabu maiti. Wangehesabu na vicheko pia. Kichwamaji imejaa utani, ulevi, wivu wa kipuuzi, vijana wanaosema ovyo kuhusu mapenzi. Uhai upo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na Kazimoto usiku ule mmoja.

Haya sikuyasema motoni. Nilisema jambo moja tu, kwamba walimu wetu wanaona Kazimoto alijiua kwa sababu maisha hayana maana. Baba mdogo akalipima neno hilo kidogo.

"Maisha hayana maana," akarudia. "Sawa. Na mihogo je, nani anapalilia?"

Watu wakacheka, na hapo nadhani Camus angecheka nao; hakuwa mbali sana na shamba la baba mdogo.

Riwaya zake nyingine, Nagona na Mzingile, nilizisoma baadaye. Zilitoka mwaka 1990 na 1991, baada ya mwandishi kwenda Marekani na kupata shahada yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985. Wengi huzikimbia kwa ugumu wake. Mimi zilinikalisha upesi, kwa sababu humo waliokufa hawajaondoka: wanafalsafa wa kale, Plato na Socrates miongoni mwao, wamo katika mji uleule anamopita msimulizi, na wafu na wazima wanagongana bila kuombana radhi. Hakuna mpaka wa kulindwa. Ilimbidi mtu wa Ukerewe apate shahada ya uzamivu ndipo aandike vitabu vinavyofanana na uani kwa babu. Pengine asingeweza kufika huko bila kwanza kumpitisha Kazimoto kule alikompitisha. Alifariki Januari 2020, na magazeti yakamtaja zaidi kwa mashairi yake huru na kwa Rosa.

Kurasa za mhadhiri nilizipeleka zikiwa na sura nzima juu ya upweke, Sartre akiwa amebaki na aya mbili. Akanirudishia na swali pembeni kwa wino mwekundu: chanzo cha hoja hii ni kipi? Nikaandika "masimulizi ya wazee", akakubali.

Lakini usiku wenyewe haukuishia kwenye fasihi. Karibu na jogoo wa kwanza, binamu yangu alirudi na koti, kofia ikiwa imeungua ukingo, akanisimamia mbele na kupiga fimbo chini. Babu, akasema, amekasirika. Amekufa kifo chake cha heshima, amelala, na mjukuu analeta kwenye msiba wake mtu asiye ndugu wala jirani, tena amejiua, anagawiwa kahawa ya watu. Faini shilingi elfu mbili.

Nikajitetea kwamba Kazimoto ni wa Ukerewe.

"Basi elfu tatu," akasema babu, "na kesho aje na jembe."

Wazee wakaunga mkono hukumu. Nikalipa elfu moja, nyingine nikaahidi, na baba mdogo akakichukua kitabu mkononi mwangu kama dhamana. Anacho mpaka leo. Kila nikienda kumsalimu ananiambia bado hajakimaliza, na kwamba Manase anamkera mno.