Makala niliyoikwepa miezi saba

Mwalimu mwenzangu alinitumia makala kwa simu na maneno machache tu: "Isome ukipata nafasi." Nafasi niliipata mara nyingi. Nilichokosa ni moyo wa kuifungua, na miezi saba ikapita.

Kichwa chake kilitosha kunitisha. Makala ilipinga jambo nililofundishia miaka kumi na moja: kwamba mtoto mmoja hujifunza kwa kuona, mwingine kwa kusikia, mwingine kwa kutenda. Nilikuwa nimewagawa wanafunzi kwa makundi hayo, nimewaeleza wazazi, nimewafunza hata walimu wapya. Mtu akinipinga nilipaza sauti, na wenzangu wakadhani ninajiamini sana. Ningekuwa ninajiamini, ningeisoma siku ile ile.

Mwaka 2009, mwanasaikolojia William Hart na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi kuhusu jinsi watu wanavyochagua habari za kusoma na za kukwepa. Kwa jumla watu hupendelea habari zinazowaunga mkono, lakini upendeleo huo ni mdogo kwa wenye uhakika na wanachoamini. Tena huzidi pale imani inapogusa mambo ambayo mtu anayathamini mno. Hapo ndipo nilipojiona. Sikuwa nikilinda nadharia, nilikuwa nikilinda jina langu la mwalimu mzuri.

Hakuna hoja iliyonibadilisha. Alikuja kunisalimu msichana niliyemfundisha zamani, yule niliyemweka kundi la "kusikia". Akasema anachokumbuka ni kwamba nilimweleza hesabu za sehemu mara nne bila kuchoka. Kuhusu makundi hakugusia hata neno. Nikabaki nimekaa baada ya yeye kuondoka. Kumbe ualimu wangu haukusimama juu ya makundi yale.

Usiku huo nikaifungua. Ilieleza uchambuzi wa mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake wa mwaka 2008: hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "aina" yake kunamsaidia kuelewa zaidi. Niliisoma mara mbili. Iliuma, lakini ilisomeka.

Makundi nimeyavunja. Sasa nawatafuta walimu niliowafunza. Wawili walinisikiliza. Wa tatu alinijibu kwa sauti ya juu, kabla sijamaliza sentensi, na sauti ile niliitambua. Makala nimemtumia. Sijamuuliza kama ameisoma.