Singer 15K ya shangazi na vitanzi vya uzi upande wa chini

Ukishona kwa cherehani ukaona vitanzi vimejaa upande wa chini wa kitambaa, matata yako kwa uzi wa juu. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wakigeuza kitambaa na kukuta chini kumechafuka, hukimbilia bobini. Hukaza ile skrubu ndogo ya kikasha kinachobeba bobini mpaka uzi unakatika, na hapo cherehani inaharibika pande zote mbili.

Yangu ni Singer 15K ya kukanyaga, niliyoachiwa na shangazi aliyeshona sare za shule miaka mingi pale mtaa wa Jericho, Nairobi. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Kiwanda kimekufa lakini spea zipo, maana cherehani za Butterfly kutoka China, ambazo kila mshonaji hapa Nairobi anazijua, zimefuata muundo huohuo wa 15. Bobini ya Butterfly inaingia kwangu bila shida. Ndiyo maana huniuma nikiona mtu akiuza mashine kama hii kwa kilo, kama chuma chakavu, eti inaharibu uzi.

Ilikaa stoo muda mrefu. Nilipoileta kwangu Umoja ilizunguka vizuri, lakini mshono ulitoka wa ajabu: juu umenyooka, chini vitanzi tupu. Nikaweka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, nikapitisha kipande cha kitambaa cha marekani. Wekundu wote ulikuwa umeshuka chini, na mweupe umelala tu kama kamba, haukunyanyuka hata kidogo. Nikakaza nati ya tensheni, ile inayoongeza mkazo wa uzi wa juu. Hakuna kilichobadilika. Nikakaza tena, vilevile.

Nilianza na yaliyo rahisi. Sindano mpya ya aina ya HAx1, unene namba 14, ubapa wa shina lake ukitazama kushoto. Kwenye 15 uzi unapita tundu la sindano kutoka kulia kwenda kushoto, na aliyezoea mashine za siku hizi za kutunga kutoka mbele kwenda nyuma hapo huchanganyikiwa. Halafu uzi utungwe mguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ukiwa juu. Mguu ukiwa chini visahani vya tensheni, vile viwili vinavyobana uzi wa juu, vimebanana, na uzi unaweza kubaki nje yake bila wewe kujua. Yote hayo nilikuwa nimeyatimiza na vitanzi bado vikawepo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa cherehani pale Uhuru Market. Nilimwonyesha kile kipande cha marekani, akakigeuza mara moja tu. "Mama, bobini usiiguse," akaniambia. "Inua mguu, vuta uzi wa juu kwa mkono. Halafu shusha mguu uvute tena. Ukiona ni sawasawa, basi visahani havifungi."

Nilivuta. Ilikuwa sawasawa, uzi unateleza tu, mguu uwe juu au chini. Kumbe ile nati niliyokuwa nakaza ilikuwa inakaza bure.

Ndani ya mhimili wa tensheni kuna pini nyembamba. Ukiinua mguu, pini hiyo inasukumwa mbele na kuachanisha visahani. Ukishusha, inatakiwa irudi ili springi ivibane. Nilifungua nati nikavua kila kitu na kukipanga kwenye sinia kwa mfuatano wake, huku nikipiga picha kwa simu kila hatua: nati, springi, washa yenye upau katikati, visahani viwili. Katikati ya visahani kulikuwa na utando wa kahawia, mafuta ya zamani yaliyoshikana na manyoya ya nyuzi, mgumu kiasi kwamba kucha haikuutoa. Na pini ilikuwa imenata palepale mbele.

Nikadondoshea mafuta ya taa, nikaacha yaingie, nikaanza kuisukuma na kuirudisha polepole. Mwanzo iligoma. Baadaye ikalegea, ikatoa uji mweusi, na mwisho ikawa inaingia na kutoka yenyewe. Visahani nilivisugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka vikang'aa, kwa sababu hata alama ndogo ya kutu inashika uzi. Wakati wa kurudisha, migongo yake iliyobinuka itazamane. Ukivigeuza, uzi haukai. Mwisho tone la mafuta ya cherehani kwenye pini peke yake, visahani vibaki vikavu. Mafuta ya kupikia usithubutu kuyaweka popote kwenye mashine, yanaganda.

Sasa ndipo nikaenda kwa bobini. Chini ya ule ubao mwembamba wa springi wa kikasha nilipitisha ncha ya karatasi ngumu, ikatoka na kauzi kalikokuwa kamejificha humo. Kisha nikaning'iniza kikasha kwa uzi wake. Kisiposhuka chenyewe, lakini ukikitikisa kikashuka kidogo na kusimama, kiko sawa. Kikiporomoka, kaza skrubu kwa kiasi kidogo mno, robo ya mzunguko ni nyingi. Baada ya hapo kikasha kiache, mengine yote yamalizie kwa nati ya juu, mguu ukiwa chini.

Nilipopitisha marekani tena, wekundu ulibaki juu na mweupe chini, vimekutana katikati ya kitambaa pasipoonekana. Kitenge nacho kikashonwa safi. Kwa jinzi huwa nabadilisha sindano, naweka namba 16, na nati naikaza kidogo tena. Ule uzi wa bei ya chini wenye vinundu nimeuacha kabisa, maana kila kinundu kikipita kwenye visahani mkazo unaruka. Kilichobaki ni kile kispringi cha waya kinachorudisha uzi, kimechoka. Nikipata cha Butterfly kinachoingia nitakibadilisha.