Meli ya Bamdogo

Krismasi ya 2009 ukoo mzima tulikuwa Uru kwa bibi, maana Desemba watu wa Moshi hata yule aliyepotea miaka anaonekana. Bamdogo naye alipanda. Alikuwa baharia kwenye meli za mizigo miaka mingi, kaka zake wakiongelea kahawa na migomba yeye alikuwa anakaa kimya tu. Jioni watu wako kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mmoja akasema hakuna meli kubwa kama zile zinazoshusha magari Dar, bamdogo akaweka kata chini akaniambia, mwanangu, niletee futi kamba.

Fundi aliyekuwa anamjengea bibi jiko alikuwa ameacha vifaa vyake stoo, kwa hiyo futi kamba ya mita 30 ikapatikana. Tukatoka barabarani, mimi nashika mwanzo, bamdogo anatembea na ile rola, watoto wanachomeka kijiti kila inapoishia halafu tunaanza upya. Tulianzia getini kwa bibi, tukapita duka, tukapita kwa jirani mwenye ng'ombe, tukavuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, watu wanatoka majumbani wanauliza kuna shamba linauzwa? Mara kumi na tano na bado ikabaki mita nane. Alipochomeka kijiti cha mwisho niligeuka nyuma, geti la bibi silioni tena, migomba imelifunika. Akasema hapa ndo omo, mbele ya meli, kule kwa bibi ndo tezi, nyuma yake, mita 458, na upana wake mita 68 ungeingia mpaka katikati ya kihamba, shamba la migomba, cha huyu jirani. Hiyo ndo Jahre Viking, meli ya mafuta, binadamu hajawahi kujenga meli ndefu kuliko hiyo.

Nilikuwa najua ni kubwa kwa kuambiwa, ila pale barabarani ndo niliielewa. Aliwahi kupishana nayo miaka ya tisini kule mlango wa bahari wa Hormuz, imejaa, imezama majini zaidi ya mita 24, na alisema kitu kilichomwogopesha sio ukubwa, ni kujua kwamba hata nahodha wake akitaka kusimama inahitaji kilomita nane na zaidi. Ikijaa ilikuwa haipiti Suez, haipiti Panama, hata ule mlango kati ya Uingereza na Ufaransa haupiti, kwa hiyo kwa mafuta ya Ghuba yanayoenda Marekani ilibidi izunguke Afrika Kusini. Mzigo wake ulikuwa mapipa milioni 4.1. Nilipiga hesabu usiku kwa simu, kwa yale malori ya mafuta ya lita elfu 40 tunayoyaona yanapita Himo ni malori zaidi ya elfu 16.

Historia yake ndo alikuwa anaisimulia kama ya ndugu, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Ilijengwa Japani, Oppama, na kampuni ya Sumitomo, ikatoka 1979, aliyeiagiza hakuichukua, tajiri wa meli wa Hong Kong C. Y. Tung akainunua halafu akaagiza ikatwe irefushwe, ikaitwa Seawise Giant. Tarehe 14 Mei 1988, vita ya Iran na Iraq, ndege za Iraq zikaipiga ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Larak na mafuta ghafi ya Iran tumboni. Ikaungua, ikakaa chini kwenye maji mafupi, ikaandikwa imekufa. Vita ikaisha mwaka huohuo, Wanorwei wakainunua ile mabaki, wakaivuta mpaka Singapore ikavishwa chuma kipya, ikaitwa Happy Giant halafu 1991 ikawa Jahre Viking. Bamdogo alikuwa anasema meli iliyoungua vile ikarudi kazini inastahili heshima, na alikuwa haongei kwa utani.

Kabla ya mwaka mpya tukashuka mjini, ana tiketi ya basi anakata, nikamwambia twende intaneti kafe tuitafute maana alikuwa hajasikia habari zake muda mrefu. Kafe ilikuwa ya chini ya ngazi, mashine zito, unalipia nusu saa. Nikaandika Jahre Viking, kurasa ikafunguka taratibu kutoka juu, picha mstari kwa mstari. Kumbe 2004 walishaibadilisha ikawa ghala la kuelea, ikaitwa Knock Nevis, ikafungwa Qatar kwenye visima vya mafuta vya baharini vya Al Shaheen, haisafiri. Nikashuka chini zaidi. Imeuzwa kwa wakata vyuma, imepewa jina Mont kwa safari moja tu ya mwisho, kwenda Alang, Gujarat, India, kupandishwa ufukweni. Desemba hiyohiyo! Yaani sisi tunapima barabara ya Uru na vijiti, yenyewe iko kwenye tope inasubiri kukatwa.

Bamdogo alivua miwani akaifuta, akasoma tena mwenyewe kwa kidole kwenye kioo. Akaniuliza Alang wanakata na nini, nikamwambia gesi, watu wanapanda na mitungi, akatikisa kichwa akasema wale vijana Mungu awalinde, matangi ya mafuta hayaishagi hewa mbaya. Alilipa nusu saa nyingine ili nimprintie. Ile karatasi aliikunja akaiweka kwenye pasipoti yake ya zamani.

Miaka baadaye nikasoma kwamba nanga yake, tani 36, ilihifadhiwa, ikapewa makumbusho ya bahari ya Hong Kong. Nilimpigia palepale. Alifurahi mpaka nikamsikia anamwita mke wake aje asikie, halafu swali la kwanza, na mnyororo je, mnyororo nao wameuweka? Nikamwambia nimeona nanga tu. Akaanza kunielezea pingili moja ya mnyororo wa meli ile inavyokuwa, na kwa nini nanga peke yake haishikilii meli, mpaka salio langu likakata, akanipigia yeye akaendelea.